Ukosi wa Subilaga

Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ti-ti-ti, ti-ti, kimya kidogo, halafu ti-ti-ti tena, haraka kama meno ya mtu aliyenyeshewa. Tusekile alifumbua macho gizani akasikiliza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, umeme wa mtaa ulikuwa haujarudishwa, na huko jikoni mama mkwe wake alikuwa anahangaika kukoroga chai.

Alishuka kitandani polepole asimwamshe mwanawe Bupe, akapapasa ukuta hadi mlango wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Sauti ilitoka tamu, imenyooka, kama ya msichana wa kutangaza safari kwenye kituo cha basi. Kijiko hakikuacha kugonga.

"Maumivu yamezidi leo?"

"Yamezidi," Subilaga alijibu kwa utamu uleule. "Mabega, nyonga, mpaka nyayo. Ni kama nimelala kwenye kinu, watu wanatwanga."

"Pole sana, mama."

"Ahsante."

Katika giza lile Tusekile aliamini kila neno. Kisha alipapasa taa ya betri juu ya kabati, akaiwasha, na imani yote ikamtoka kama pumzi. Mezani alikaa mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye uso wa mtu aliyetoka kulala usingizi mnono. Paji halikuwa na hata mstari mmoja. Pembe za midomo zilikuwa zimeinuka kidogo. Chini ya uso huo mkono ulikuwa unatetemeka hadi chai inaruka juu ya kitambaa cha meza, na kutoka jicho la kushoto chozi lilikuwa linateremka bila kusumbua kitu, kama maji yanavyoteremka kwenye kigae cha bafuni.

Tusekile alichukua pindo la kanga yake akamfuta. Shavu lilikuwa la uvuguvugu, limelegea, linateleza, kama ule utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Alirudisha mkono haraka kuliko alivyokusudia. Aliona kinyaa, kisha akaona aibu, maana huyu ndiye mama aliyemlea Bupe mgongoni wakati yeye anasoma.

Shingoni mwa Subilaga, ukosi wa kijivu wenye upana wa vidole viwili ulikuwa unawaka nukta ya kijani. Kijani maana yake mgonjwa ametulia.

"Simu iliingia baada ya wewe kulala," Subilaga alisema, akitabasamu. "Kaka Anyosisye amefariki. Mazishi kesho."

Ilimchukua Tusekile muda kuelewa alichoambiwa. Masikio yalisikia msiba, macho yaliona mtu anayeagiza soda, na kati ya viwili hivyo akili yake ilikwama.

"Amefariki?"

"Kifua. Hakumaliza hata saa mbili hospitali."

Bupe aliingia jikoni akiburuta shuka, nywele zimesimama upande mmoja. Alikuwa na miaka minne na siku hizi hakuwa anakaa tena kwenye mapaja ya bibi yake. Alimwangalia Subilaga, akamwangalia mama yake.

"Mama, bibi yuko wapi?"

"Si huyu hapa, jamani, Bupe. Msalimie bibi."

Mtoto alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Ilikuwa mwezi wa tatu sasa anauliza swali hilohilo kila asubuhi, na watu wazima walikuwa wamekubaliana kwamba ni utundu.

*

Kabla ya ukosi ilikuwepo fulana, na fulana ilikuwa kitu kizuri. Hilo Tusekile angelisema hata mbele ya hakimu.

Alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka miwili, Bupe akiwa mchanga. Jioni moja mwalimu wao aliandika ubaoni neno refu, fibromayaljia, na chini yake akaandika: maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye picha wala kwenye damu. Darasa zima lilinakili. Tusekile aliweka kalamu chini akalia, kwa sababu kwa miaka kumi na moja mama mkwe wake alikuwa ameitwa mvivu, kisha mdekaji, kisha mtu aliyerogwa, na kumbe kitu chenyewe kilikuwa na jina.

Shirika la Tulizo lilimchukua mara alipomaliza, awe mwelekezi wa mazoezi ya wagonjwa. Wagonjwa arobaini na wawili wa wilaya nzima walivaa fulana zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba za kusikia msuli, na yeye, nyumbani kwake Tukuyu mvua ikinyesha, alivaa glavu. Mgonjwa akiwa maili arobaini akiinua bega, Tusekile alilisikia bega hilo kwenye kiganja. Akikunja kiganja, fulana ilipata joto na kumshika mgonjwa mgongoni mahali palepale. Aliwafundisha kunyanyuka kitini mara tano, kesho mara sita. Aliwafundisha pia kuyaelewa maumivu yenyewe. "Mwili wako una mbwa mlinzi," aliwaambia. "Amekuwa mkali mno, anambwekea hadi mwenye nyumba. Kubweka kwake ni kweli, usikubali mtu akuambie husikii kitu. Lakini kubweka si kung'ata. Usimpige. Mtembeze kidogo kila siku, atazoea." Na watu walitembea. Subilaga, ambaye alikuwa akishindwa kufunga kilemba chake mwenyewe, alifikia hatua ya kupanda matuta ya maharage.

Kosa lilikuwa lake. Jioni moja, akimbembeleza Bupe mwenye homa, alitambua jambo ambalo kila mama analijua: ukiulainisha uso wako, mtoto naye hulainika. Akaliandika kwenye ripoti ya mwezi. *Wagonjwa wanaokunja uso huchoka mapema, na ndugu wakiuona uso huo huwakalisha chini. Tukipata namna ya kuwalainisha uso wataendelea na zoezi.* Alikuwa akifikiria labda wimbo, labda kuvuta pumzi.

Miezi minne baadaye lilikuja boksi. Ndani yake kosi arobaini na mbili, na barua ya kumshukuru kwa jina. Kila ukosi ulikuwa na vidude viwili vidogo vya kukaa chini ya masikio, na uso ulipotaka tu kujikunja, vilipeleka umeme mwembamba kwenye mishipa ya mashavu na koo, ukalegeza kila kitu kabla hakijaanza. Maneno yalipita, ila kuguna hakukupita. Barua ile Tusekile aliibandika ukutani kwa gundi.

Waliitwa mkoani kupongezwa. Ukumbini waliwasha ukuta mzima, na ukutani zikatokea nyuso mia saba za wagonjwa, laini zote, zimepangwa kama mayai kwenye trei. Msimamizi wao, Bi Fatna, alisimama na fimbo ya mwanga. "Mikunjo ya uso ilikuwa sitini kwa saa," alisema. "Sasa ni miwili. Maumivu yamepungua kwa asilimia tisini na saba." Watu walipiga makofi. Hakuna aliyegundua kwamba kati ya sentensi ya kwanza na ya pili kitu kimoja kilikuwa kimechukuliwa na kingine kimewekwa mahali pake. Tusekile naye alipiga makofi, tena kwa nguvu.

Asubuhi ile ya taarifa ya msiba alifungua kipindi saa mbili kama kawaida kwenye kioo chake cha kuonana na wagonjwa, mgonjwa wa kwanza akiwa Mzee Lutengano, dereva wa malori aliyestaafu.

"Habari za kuamka, mzee?"

"Mwalimu, leo nimebebeshwa lori badala ya kuliendesha." Kwenye kioo alikuwa anatabasamu. "Tena na tela lake."

Tusekile alicheka. "Mzee, wewe utaniua kwa vichekesho."

"Sichekeshi, binti."

Alicheka tena, kwa mazoea, na katikati ya kicheko akakisikia kijiko. Ti-ti-ti. Aliangalia daftari lake upande wa kulia, mahali alipokuwa akiandika neno moja kila siku kwa miezi mitatu kuhusu mzee huyu. *Mcheshi. Mcheshi. Mcheshi, anaendelea vizuri.*

Alizima kioo akakimbilia nje kutapika kwenye migomba.

*

"Nikufungue kabla hatujaondoka?" alimuuliza Subilaga kesho yake, gari la kukodi likisubiri barabarani.

"Usithubutu."

"Mama, unakwenda kumzika kaka yako."

"Ndiyo maana." Subilaga alikuwa anajifunga kitenge cheusi, vidole vinamkataa, uso umetulia kama bwawa. "Msiba wa shemeji mwaka jana nilikunja uso mara moja tu, wakanikalisha kwenye mkeka kama kikongwe. Nikanyimwa hata kuosha sufuria. Anyosisye alinisomesha, Mama Bupe. Leo nataka nisimame kwenye moshi niwapikie watu wake."

Tusekile hakubishana. Glavu na kioo vilibaki mezani.

Vilio walianza kuvisikia kabla hawajavuka daraja. Huko kwao mwanamke anayekuja msibani haingii kimya. Huanza mbali, mikono kichwani, ili waliomo ndani wajue kwamba amekuja mwingine wa kuubeba mzigo nao, na hao nao hupandisha sauti kumpokea. Subilaga alishuka kwenye gari, akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo.

Iliyotoka ilikuwa sauti nyembamba, tamu, kama ya mtu anayeimba kimoyomoyo akichekecha unga.

Alijaribu tena. Tusekile, aliyekuwa nyuma yake na Bupe mkononi, aliona mgongo wa mama mkwe ukijikaza, mbavu zikisukuma, shingo ikitutumka chini ya ukosi. Na juu ya mwili huo uliokuwa unapasuka, ukosi ukatoa mlio mdogo wa kuridhika, ti, nukta ikawaka kijani, na uso ukalainika zaidi. Kifaa hakikujua msiba. Kilichojua ni kwamba msuli unataka kujikunja.

Wanawake uani walinyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Huyo anacheka," alisema mmoja.

"Hachekagi. Ndivyo alivyo siku hizi, nasikia anatibiwa mjini."

"Tiba gani ya kuchekea maiti?"

Mjane wa marehemu, Tupokigwe, aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mnene, macho yamevimba, na Subilaga alikuwa wifi yake kwa miaka thelathini na minne. Alimsogelea mpaka pua zikakaribiana.

"Wifi, umekuja arusini?"

"Ninalia, wifi," Subilaga alisema kwa sauti ya kituo cha basi, pembe za midomo zimeinuka. "Ndani ninalia."

"Ndani." Tupokigwe alitema mate chini, pembeni kidogo ya miguu ya Subilaga. "Na sisi wote tungelia ndani, marehemu angejuaje?"

Tusekile alijipenyeza katikati. "Mama, tafadhali. Si yeye. Ni huu ukosi, ni kifaa cha matibabu, ndio unaomshika uso."

"Basi autoe."

"Hawezi kuutoa mwenyewe. Una kufuli."

"Nani anaweza?"

Kuku alipita kati yao akidonoa. Bupe alikuwa anamvuta mama yake kanga.

"Mimi," Tusekile alisema.

Tupokigwe alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu. Hakutema mate safari hii. Alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikuta ndani ya mboga.

"Wewe," alisema, "ndiye unayemfungia mkweo uso."

Hawakumfukuza Subilaga. Walimpa kigoda peke yake karibu na kuni. Sahani zilipokuja, wanawake walikaa wannewanne kama desturi, mikono minne minne kwenye ugali mmoja, na sahani aliyowekewa Subilaga haikupata mkono wa pili. Tusekile alikwenda akakaa naye. Alimega, akachovya, akajaribu kumeza, huku pembeni yake uso ule ukitafuna polepole, mpole, mtulivu, machozi yakichanganyika na mchuzi kidevuni. Alikuwa amewahi kusafisha vidonda vyenye funza kwenye mafunzo na hakuona kinyaa kama hiki.

Jioni, kaburi lilipokwisha kufunikwa, Subilaga alisema neno moja tu kwenye gari.

"Nifungue."

*

Kwenye kioo palikuwa na mahali pa kubonyeza: *Fungua ukosi*. Tusekile alivaa glavu akabonyeza. Likaja swali, *Sababu?*, na chini yake majibu matatu. *Kifaa kimeharibika: mafundi watakuja ndani ya siku thelathini. Ngozi imeota upele: daktari atapitia ndani ya siku kumi na nne. Mgonjwa amefariki: fungua sasa.*

Alitafuta jibu la nne. Akavuta chini, akavuta juu. Hapakuwa na mahali pa kuandika *Mwenyewe hautaki*.

Alimpigia Bi Fatna.

"Tusekile, mpenzi, pole na msiba, nimeona kwenye ratiba."

"Ahsante, Bi Fatna. Nataka kumfungua mgonjwa ukosi. Ameniomba."

"Amelalamika?"

"Ameomba."

"Sawa, lakini malalamiko rasmi hatuna. Hata moja, nchi nzima. Unajua hilo ni jambo la ajabu? Wagonjwa mia saba, hakuna hata mmoja."

"Watalalamika kwa uso gani, Bi Fatna?"

"Umechoka, dada. Sikiliza. Fulana peke yake, nusu yao waliacha mazoezi. Wakivaa ukosi, tisa kati ya kumi wanaendelea. Wanatembea, wanalima. Unataka kuwarudisha kitandani ili wapate kununa?"

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu hesabu ile ilikuwa kweli. Subilaga mwenyewe alikuwa amelima.

"Wanaendelea kwa sababu hakuna anayewaambia pumzika," Tusekile alisema. "Wanaumwa vilevile. Labda zaidi."

"Una kipimo cha hilo?"

"Ninacho kijiko."

"Nini?"

"Basi tu. Usiku mwema."

Ilikuwa bado saa moja kasoro. Alimwita Mzee Lutengano. Uso ukatokea kwenye kioo, laini, umetabasamu.

"Mwalimu wa zamu ya jioni. Kuna nini, umenimiss?"

"Mzee, leo usiniambie kitu. Geuza kioo kiangalie ukuta, halafu shika mshipi wa fulana kwa mkono, nami nitausikia kwenye glavu. Nibane kadiri unavyoumwa."

Kioo kikageuka; ukaonekana ukuta wa bluu na kalenda ya mwaka juzi. Halafu glavu ikaanza kubana. Alidhani itaishia hapo, ikazidi. Vidole vyake vilikusanyika, mifupa ikagongana, na bado mkono ule wa maili arobaini uliendelea kukaza, bila sauti, kwa mtetemo mdogo, mpaka Tusekile akapiga magoti kando ya meza.

"Inatosha, mzee. Nimesikia. Inatosha."

Mkono uliachia. "Miezi mitatu nakwambia, binti."

"Ulinambia. Nikaandika kwamba wewe ni mcheshi."

"Mcheshi niko, hilo usinifutie. Ulitufundisha habari ya mbwa. Vizuri sana, nilimpenda yule mbwa. Sasa hawa hawakumtembeza, mwalimu. Wamemfunga mdomo kwa kamba, halafu wanapita mtaani wanasema ameacha kubweka."

Tusekile alimweleza: njia ya kumfungua leo ni moja, kumwandika amekufa. Fulana nayo itazimika, joto la mgongoni litakwisha, na shirika halitamrudisha kwa urahisi.

"Niandike," Mzee Lutengano alisema. "Nimekufa mara ngapi kwenye ile miteremko? Andika nimekufa, lakini kesho saa mbili unipigie kwa simu ya kawaida tunyanyuke kitini mara kumi na mbili. Juzi zilikuwa kumi na moja."

Kwa saa mbili alimwita mmoja baada ya mwingine, akamwambia kila mmoja ageuzie kioo ukutani, akauliza swali lilelile. Wengine walibana mpaka akafa ganzi. Wanne walibana kidogo tu, wakasema wao kweli wamepata nafuu, wakachagua kubaki na ukosi, na akafurahi kwa ajili yao. Mama Enesia, wa Kyela, alikataa katakata. "Mume wangu alirudi nyumbani kwa sababu ya uso huu," alisema. "Uache ulivyo." Tusekile alitaka kubishana naye, akataka hata kumfungua kwa nguvu, kidole kilifika juu ya kioo kikabaki kinaelea. Kuamua juu ya uso wa mtu bila yeye kutaka ndiko kulikomfikisha hapa. Alirudisha mkono mapajani, kinyaa kikiwa palepale, na kuandika: *Amebaki. Kwa kupenda.*

Mwishoni wagonjwa thelathini na sita walikuwa marehemu. Kesho saa tatu mkoani wataona kwamba watu wote hao wamekufa jioni moja mikononi mwa mwelekezi mmoja, na glavu hizi zitazimwa. Aliibandua ile barua ya ukutani. Gundi iliondoka na rangi.

Lilibaki jina moja.

*

Subilaga alikuwa amekaa jikoni, kitenge cheusi bado mwilini, taa ikimulika ule uso usio na habari. Bupe alikuwa chini ya meza na sahani ya wali wa jana, mbali kadiri meza ilivyoruhusu.

"Mama, nikifungua, fulana nayo inakufa. Sitaweza tena kukushika mgongo kwa glavu."

"Kwani mikono yako inakwenda wapi?"

"Na yatakuwa yanaonekana. Watu watakukalisha tena."

"Watanikalisha," Subilaga alisema. "Nitainuka. Nitawaambia hivi ndivyo ninavyokuwa, nipeni sufuria. Wewe nisaidie kuwaambia."

"Nitasaidia."

"Na uniandike nani?"

"Marehemu."

"Haya. Niandike karibu na kaka yangu."

Tusekile alibonyeza. Ukosi ulisema ti, nukta ya kijani ikafa, na kufuli likaachia kwa mlio kama wa ganda la karanga. Aliutoa shingoni. Ndani ulikuwa na unyevunyevu, umenasa vinyweleo, unanuka jasho la miezi mitatu na kitu kingine kitamu kilichooza. Aliushika kwa ncha za vidole, akautia kwenye ndoo ya maganda ya ndizi, akafunika.

Kwa muda hakukutokea kitu. Mashavu ya Subilaga yalibaki yamening'inia pale yalipoachwa, kana kwamba yamesahau kazi. Kisha mstari mmoja ulitokea kwenye paji, ukatetemeka, ukapotea, ukarudi na wenzake. Nyusi zilivutana. Mdomo ulipinda upande mmoja, ukaonyesha jino lililovunjika, pua ikatanuka, na uso wote ukakusanyika, ukajikunja, ukawa mbaya, mwekundu wa macho, mbaya kabisa, na kutoka chini yake kikatoka kilio cha siku mbili. Kilitikisa vikombe kwenye kabati. Kilitaja jina la Anyosisye, kikataja ada ya shule ya miaka arobaini iliyopita, kikataja mabega, nyonga na nyayo, vyote pamoja, bila mpangilio. Mtaa wa pili mbwa alianza kubweka, na jirani akafungua dirisha.

Tusekile alivua glavu. Aliweka kiganja chake kitupu kati ya mabega ya mama mkwe, mahali palepale alipokuwa akipashika kwa fulana, akakuta pagumu kama ubao, pana joto, panatetemeka. Hakusema atulie.

Chini ya meza sahani ilisogea. Bupe alitoka akitambaa, punje za wali zimemganda kidevuni, akasimama mbele ya bibi yake aliyekuwa anagumia. Aliutazama ule uso uliokunjika, taratibu, kila mkunjo kwa zamu yake. Kisha akapanda mapajani, akajishikiza kwenye kitenge cheusi, akamgeukia mama yake.

"Bibi amerudi."